Siku Niliyofunga Salfa

Jumatatu, 4 Agosti
Zamu ya asubuhi. Mimi na Gaston mbele ya skrini, kama kawaida. Miaka tisa nachoma salfa hapa kiwandani ili mgodi upate asidi, na moshi unaobaki nauosha kwa maji ya chokaa kabla ya kuuachia nje. Kipimo cha moshi kiko chini ya mstari mwekundu. Lakini chokaa iliyobaki ni ya siku mbili, na lori la kuileta halijafika. Nimemwambia mkuu wetu, shefu Donatien. Amesema, "Tutaona."

Jumatano, 6 Agosti
Lori hakuna. Chokaa tumeipunguza hadi maji yamekuwa mepesi kama ya kunawa. Saa nne kipimo kimevuka mstari. Nikapunguza salfa. Shefu akairudisha juu. Nikapunguza tena. Akairudisha. Gaston anatazama viatu vyake.

Nyumbani, mtaa wa Panda, kila mtu anakohoa. Jirani yangu, mama Odile, kanionyesha lengalenga zake, mboga za bustanini. Majani yamebabuka, meupe. "Ni moshi ya kwenu?" Nikasema sijui. Nilijua. Nimejichukia mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Agosti
Chokaa imeisha kabisa. Kanuni imebandikwa ukutani, na saini ya mkurugenzi mwenyewe: bila chokaa, tanuru lizimwe. Shefu anataka tuendelee, mgodi unangoja.

"Andika mu registre: appareil ya kipimo ilikufa."

"Iko muzima, chef."

"Mama Béa, weye njo nani hapa?"

Nikafunga bomba la salfa. Kwenye daftari la zamu nimeandika kipimo halisi, saa, na jina langu lote.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimesimamishwa kazi. Wanataka maelezo kwa maandishi. Barua yangu ya kwanza ilianza na "Naomba radhi." Nimeichana. Ya pili ina sentensi tatu. Inatosha.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa. Wafanyakazi wote wa tanuru wamerudishwa nyumbani mpaka chokaa ije, na wanajua ni nani aliyelizima. Wawili hawakunisalimia. Mke wa Gaston amenisimamisha mbele ya watu.

"Béa, batoto yangu batakula nini? Kipimo yako?"

"Na banapumua nini?"

Akaniacha nimesimama. Njaa yake ni ya kweli. Nimelia njia nzima. Lile bomba singelifungua hata hivyo.

Jumatano, 13 Agosti
Mkurugenzi ameniita. Ana sauti ya upole, na hiyo ndiyo inaniudhi. Niweke saini kwamba kipimo kilikuwa na hitilafu, kesho nirudi kwenye kiti changu. Karatasi tayari, kalamu juu yake. Nimekataa. Akaniuliza nani mwingine aliona. Nikamtaja Gaston, nikiogopa. Ana watoto watano.

Wakamwita. Alitazama viatu vyake. Mwishowe akasema, "Minye pia nilisoma. Ilipita mustari."

Shefu, aliyekaa kando ya mkurugenzi, alimwangalia kama mtu asiyemjua. Kalamu ikabaki palepale.

Jumatatu, 25 Agosti
Lori lilifika wiki iliyopita. Tanuru linawaka, watu wamerudi kazini. Hawakunifukuza. Wamenihamishia kwenye pampu za maji, nyuma kabisa ya kiwanda. Ni adhabu, ila kwenye barua wameiita mabadiliko. Kelele tupu huku, sina wa kuongea naye.

Leo mchana Gaston amekuja na bukari, ugali wa kwetu, na samaki, vilivyopikwa na mkewe. Sehemu yangu ilikuwa imefungwa peke yake. Tukala. Katikati ya kula akasema Jumamosi bomba la chokaa liliziba, kipimo kikapanda.

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga salfa."

"Na chef?"

"Alinyamaza."

Tumemaliza samaki, nikaosha sahani, akarudi kwenye zamu yake.