Kwa Nini Nilisema Si Kweli

Kwako Baba Moraa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Mombasa, ambako jasho halikauki hata asubuhi. Mama yako anaendeleaje na ule mguu? Moraa na Ombati wanakula vizuri? Na wewe, mgongo unakuruhusu kuchuma majani chai peke yako? Nauliza kwa barua kwa sababu simu yangu ilibaki kwa polisi, na nikikupigia kwa simu ya jirani siku hizi huchukui. Najua umekasirika. Fundi cherehani wa hapa plotini ninapopanga anakuja kwao Keroka, na ameahidi kukufikishia barua hii Ekerenyo mwenyewe.

Tafadhali isome yote kabla hujasema neno.

Wewe ulisikia tu kwamba nashtakiwa kwa wizi. Ilikuwa hivi. Jumatatu tulifungua ghala la kampuni tukakuta mitungi ya mafuta ya kupikia imepungua, na kufuli haijavunjwa. Meneja akaita polisi. Afisa mmoja, mpole kabisa, akaniambia, "Mama, wewe ndiye wa stoo. Twende tu kituoni uandikishe maelezo, kisha urudi kazini." Nikachukua mkoba nikaenda. Mtu asiye na kosa ataogopa nini?

Akaniuliza nani hukaa na ufunguo. Nikasema mimi. Nikaeleza pia kwamba meneja ana wa pili, na kwamba Jumamosi ghala hufunguliwa mimi nikiwa kanisani kwa Sabato. Aliandika kwa Kiingereza, haraka haraka. "Weka sahihi hapa." Nikaweka. Hakunisomea, na mimi niliona haya kuuliza. Nilipoinuka niende zangu, akasema, "Kaa kwanza." Ndipo nikanyang'anywa simu, kitambaa cha kichwa na kamba za viatu.

Kesho yake mzee wa kanisa letu alikuja kunidhamini, nikaambiwa nifike kortini wiki iliyofuata. Meneja naye akanitumia ujumbe kupitia kwa mlinzi: nikikubali kosa, kampuni itaniombea kifungo cha nje, nirudi kwetu, mambo yaishe. Ndiyo siku ile niliyokupigia. Ukaniambia, "Kubali tu, Kemunto, uje. Mama hawezi kutembea, watoto wanalia, mimi nimechoka. Nani huku atajua?" Baba Moraa, nilitaka kukubali. Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga.

Mzee wa kanisa ndiye aliyenizuia. Alinipeleka kwa wakili, mama mmoja anayewasaidia watu wasio na uwezo. Nikamweleza yote.

"Uliambiwa una haki ya kunyamaza?" akauliza.

"Hapana."

"Ulijua unaweza kuomba wakili kabla hujajibu chochote?"

"Mimi niliitwa kueleza tu, mama."

"Wengi huitwa hivyo hivyo. Siku polisi wanapokuita, hata kwa maneno matamu, ndiyo siku ya kutafuta wakili. Usingoje mpaka ushtakiwe."

Alipoyapata yale maelezo alinisomea. Yalisema ufunguo ninao mimi peke yangu. Kuhusu meneja, hakuna. Jumamosi, hakuna. Na chini, jina langu kwa mkono wangu.

"Sasa nimeisha?" nikamuuliza.

"Tutayapinga. Lakini ukikubali kosa, hakuna kitakachobaki cha kupinga. Na hakimu hafungwi na ahadi ya meneja wako. Anaweza kukupeleka jela. Hata akikuachia urudi nyumbani, utarudi na jina la mwizi."

Kortini karani alisoma mashtaka, akauliza, "Ni kweli ama si kweli?" Moyoni nikakuona wewe ukimbeba mama kumpeleka chooni. Nikamwona Ombati. Nikasema, "Si kweli."

Basi niko nje, lakini kama niko ndani. Siruhusiwi kutoka Mombasa bila idhini ya korti. Kila Ijumaa naripoti kituoni. Kazini nimesimamishwa, nafulia watu nguo nipate chakula. Mzee wa kanisa atatoa ushahidi kwamba Jumamosi ile nilishinda kanisani, lakini hakuna anayeniahidi kwamba nitashinda kesi, wala itaisha lini.

Uliuliza nani huko atajua. Moraa atajua. Siku moja atatafuta kazi, au ataolewa, na mtu atamwambia mama yake alisimama kortini akakubali ni mwizi. Nitamwambia nini mtoto? Kwamba nilikuwa nimechoka?

Nisalimie mama mkwe, mwambie sijamtupa. Nisalimie dada yangu anayeuza ndizi sokoni, na mchungaji, aniombee. Na mdogo wako wa bodaboda mwambie hivi: akiitwa kituoni, hata kueleza tu, asiende peke yake, na asitie sahihi kitu ambacho hajasomewa.

Ukishasoma, nipigie kwa ile namba ya jirani. Usiniambie nije, maana kila ukisema hivyo nalegea. Niulize tu kama nimekula.

Ni mimi mke wako,
Kemunto, Mama Moraa