1 111 111 na Baki la Uongo

Bolamba, ndugu yangu,

Baki nililokusomea ukutani siku ile ya mabomu halikuwepo. Nimeuficha uongo huo mpaka umezikwa. Sasa mapafu yangu yamejaa maji, nalala nimeketi, na sina muda wa kuzunguka.

Unakumbuka majeshi mawili ya kigeni yalivyopigania Kisangani kana kwamba sisi hatukai humo. Mabati ya jirani yaliruka kama karatasi. Mbwa alipita mlangoni akikimbia, matumbo yakiburuta nyuma yake. Sisi, walimu wawili wa hesabu, tulilala kifudifudi kwenye korido yangu. Feza, mke wako, alikuwa amekwama kwa dada yake, nyumba ya tatu.

Ulitaka kutoka. Nikakupa namba: 1 111 111. Je, ni namba tasa?

Ulicheka, meno yakigongana. "Bon. Tukiipasua hii, tukipata namba ya kuigawanya, mi naenda kumukamata Feza, kumuleta hapa. Usinizuie tena."

Wewe ndiye uliyetufupishia njia: namba tasa yoyote inayoigawanya hii, yenyewe ukiigawanya kwa saba, lazima ibaki moja. Tukaruka nyingi. Uliita, nikagawanya kwa kipande cha mkaa ukutani. 29, hapana. 43, hapana. 71. 113. Bomu likaanguka kisimani, ukuta ukatutemea mchanga, nawe ukasema tu, "Endelea, mon vieux." 127. 197. 211. Hapana. Tangu chuo tulifanya hivyo: mmoja anaita, mwingine anagawanya, na hakuna anayerudia hesabu ya mwenzake. Ilikuwa heshima yetu.

Ukaita 239. Nikagawanya.

"Baki tano," nikakuambia.

Ukaita 281. Sikuwa nimeanza, nyumba ya dada yake ikapasuka. Tulimkusanya Feza kwenye beseni. Kitambaa chake cha kichwa kilining'inia juu ya mpapai, kinatona.

Hukuigusa tena namba ile. Mwanafunzi alipoiandika ubaoni, uliifuta kwa kiganja mpaka ngozi ikachubuka.

Tangu tukuzike, binti yako Zawadi anakuja kila jioni. Anakalia kiti chako, ananiita tonton, kama ndugu wa baba yake, ananipondea lituma ya ndizi laini kabisa, nami siwezi kuimeza. Ana macho ya Feza. Kesho nitamwambia, kabla hajanilisha. Hilo nakuahidi. Akitaka kunimwagia sahani usoni, na animwagie.

Lala, Bolamba. Sikuombi unipokee huko.

239 mara 4 649. Haibaki kitu. Niliona sifuri ile kwa macho yangu, mkono wangu ukaifuta. Sijui kama ungemfikia Feza. Miaka yote nimejiambia kwamba nilikudanganya ili usife naye.

Sivyo. Niliogopa kubaki peke yangu kwenye korido ile.