Nyanya Bitutu na Ukuta wa Wodi

Zilpa uko? Nyanya Bitutu amenipasulia jambo sasa hivi hapa jikoni, na sijui nicheke au nikasirike.

Mwaka wa 1974 alilazwa hospitali moja hapa Kisii. Mtoto wake akafa yeye akiwa bado kitandani, na usingizi ukaisha kabisa. Basi mshauri mmoja msomi, mgeni na tai yake, akawaketisha wagonjwa na jamaa zao kwa duara. Eti kila mtu amtazame machoni yule anayemuudhi, amwambie ukweli.

Na anayemuudhi nyanya ni nani? Mzee Nyasani. BABA MKWE WAKE!! Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, wala hawakai karibu. Msomi akavuta viti vyao mpaka magoti yakakaribia kugusana. Magoti, Zilpa!

Nyanya akainama. Mzee akajifunika uso na kofia. Na yule bwana anaimba tu, "Usiogope, mama. Mtazame." Mara tatu! Digrii nzima, na hata mfagiaji wa wodi hakumuuliza adabu za hapa.

Nyanya akageuza kiti, akatazama ukuta. "Wewe ukuta, mwambie mzee alimzika mtoto wangu bila kuningoja."

Msomi akaruka, "Hapana! Geuka!"

Mzee akamjibu kutoka ndani ya kofia, "Nyamaza wewe. Nimesikia. Ukuta, mwambie anisamehe."

Usiku huo nyanya alilala.

Na unajua msomi aliandika nini kwa faili? Nesi mmoja alimsomea nyanya: "Amekataa kushiriki."