Mafuta ya Nazi Kwenye Taipu

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, ila bibi yako miguu imemvimba, na jina lako analitaja kuliko langu.

Umeniuliza ufanyeje, kibodi ya kompyuta yako imegoma. Umepata fundi. Likoni nzima hakuna mashine ya kuandikia iliyonishinda. Basi, hilo ni uongo. Niliwahi kuwa na moja tu, ikanishinda.

Kabla ya uhuru nikiwaandikia watu barua kwa taipu pale Timbwani. Vitufe vikawa vizito, nami nikavipaka mafuta ya nazi, kama nilivyopaka kichwa changu. Kulipopambazuka na baridi ya kipupwe mafuta yakaganda, hakuna kitufe kinachonyanyuka.

Ndipo akaja jirani yetu Bi Riziki, mgonjwa, anataka mwanawe aitwe kutoka Kisumu. Nikamwambia barua ya mkono ni ya watoto, asubiri.

"We Mbwana, andika hata kwa mkaa," akasema, "mradi aje."

Wallahi niliuonea haya mwandiko wangu. Nikavisugua vitufe kwa mafuta ya taa siku tatu, vikapona, barua ikaenda. Mwanawe alifika siku mbili baada ya maziko. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa barua safi.

Kibodi yako izime, ipindue, uikung'ute makombo ya mahamri. Isipopona, iache.

Nawe una deni langu: birika la bibi yako ulilivunja wewe, nikanuniwa mimi. Nilipe leo. Mwandikie, kwa kalamu.

Babu yako,
Mbwana