Mita Tatu za Mwero

Isiolo, 4 Mei 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku ni kavu mno, hata jasho halitoki. Goti lako laendeleaje? Na sikio? Jumapili nilipokupigia uliitikia "marahaba" mara tano mfululizo, nikajua hukusikia neno. Basi turudi kwenye barua, ndizo tunazoelewana.

Ndani ya sanduku hili la manjano mna mashine ya GPS ya ofisini. Haiumi. Ofisi ya ardhi Kwale yataka vipimo vya mpaka wetu na jirani yetu marehemu Mwero kabla ya tarehe 30 Juni, ndipo hati ya shamba itoke kwa jina lako. Mimi sina likizo mpaka barabara hii tunayoipima iishe, lakini mpimaji wetu mwenye leseni atatia sahihi ramani tukimletea vipimo safi. Hati hii naitaka kwa sababu ya kaburi la Mama. Madalali wameshafika hapo Mwabungo, na ardhi isiyo na karatasi huuzwa wenyewe wakiwa wamelala juu yake.

Simamisha ile miguu mitatu juu ya jiwe la mpaka. Ning'iniza timazi mpaka ncha yake iangukie katikati ya alama iliyochongwa. Kaza miguu ardhini, kisha tazama pima maji, kipovu kikae ndani ya duara. Funga mashine juu yake, upime kwa tepu kutoka kwenye alama hadi ukanda mwekundu, uandike. Bonyeza kitufe cha kijani mara moja. Taa ikianza kuwaka na kuzima polepole, ujue inasikiliza satelaiti. Iache saa nne nzima, na makuti yasiwe juu yake. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo kwenye pembe ya kisima chetu. Mwisho vuta tepu kutoka jiwe hadi kisima, nipate cha kuhakikishia. Kadi ndogo iliyo ubavuni nitumie kwa basi. Mashine ibaki, huenda tukarudia.

Binti yako,
Hasina


Mwabungo, 13 Mei 2024

Kwako mwanangu Hasina,

Marahaba, na hii ni ya sita. Goti linalia kama mlango mkuukuu, lakini lafunguka. Watu wote hapa hawajambo, wanakusalimu.

Kazi nimeimaliza. Mtu aliyetengeneza redio miaka thelathini hashindwi na kitufe cha kijani. Urefu mpaka ukanda mwekundu ni mita moja na sentimita hamsini na mbili, na kisimani ni moja na arubaini na tisa. Kutoka jiwe hadi pembe ya kisima ni mita 37.80. Nimevuta tepu mara mbili.

Mama Nzai, mjane wa Mwero, alikuja kuniuliza kama nimeanza kupiga picha za pasipoti. Nikamwambia hiki kinazungumza na satelaiti ishirini na mbili. Akasema, "Na binadamu je, baba Hasina? Mbona sisi siku hizi huzungumzi nasi?" Akaniachia bakuli la mbaazi za nazi akaenda zake. Mbaazi zile zilinishinda kumeza. Kadi hii hapa.

Baba yako,
Matano


Isiolo, 20 Mei 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Kadi imefika salama na mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi.

Ofisini wamekusifu. Mahali ulipoweka mashine panalingana na daftari la wapimaji la mwaka 1978 kwa tofauti ya sentimita mbili tu. Bosi aliuliza kama unatafuta kazi.

Ila kuna jambo moja halijanikaa. Kwa mashine, kutoka jiwe hadi kisima ni mita 34.40. Kwa tepu yako ni 37.80. Mita tatu na sentimita arubaini hazipotei kwenye tepu ya fundi. Nimehesabu upya mara tatu. Nijibu kwa unyoofu, Baba: mashine uliiweka juu ya jiwe?

Binti yako,
Hasina


Mwabungo, 27 Mei 2024

Kwako mwanangu,

Marahaba. Chemsha tangawizi na ndimu kwa hicho kikohozi.

Tepu niliivuta kutoka kwenye jiwe, kama ulivyoagiza. Mashine sikuiweka juu ya jiwe. Niliiweka pale jiwe lilipokuwa.

Mwaka 2003 Mwero alilazwa Msambweni miezi miwili kwa ajili ya mguu wake. Ule ukanda wa bondeni hushika maji hata kiangazi, nami nilikuwa nikiutamani tangu ujana. Asubuhi moja, jua limeshatoka, nikijifanya napalilia, niling'oa jiwe nikalisogeza kwake. Mwero alirudi na magongo, hakuteremka tena bondeni mpaka anakufa. Sikumwambia mtu, hata mama yako.

Naye mama yako alipofariki mwaka 2011, wazee wakachagua bondeni kwa kuwa udongo ni laini. Nilisimama pale wakichimba na kinywa changu nimekifumba. Mwanaima wangu nimemzika katika ardhi ya dhuluma, Hasina. Hakuna siku nisiyolifikiria.

Mashine yako ilipokuja nilisema Mungu ameniletea njia. Niiweke mahali pa haki, ramani itoke, mjane apate chake, na mimi nisiaibike. Nilidhani mashine itanisemea. Nikasahau kuidanganya tepu.

Baba yako,
Matano


Isiolo, 2 Juni 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya gari, nikaisoma tena. Nimekukasirikia, kisha nimekuhurumia, na sasa nimechoka.

Lakini nisikilize. Ramani ikitoka hivi, kaburi la Mama litaingia kwenye hati ya mtu mwingine. Mama Nzai ni mtu mwema, sawa, lakini yeye si wa milele. Kesho mwanawe Nzai atamuuzia dalali, na juu ya Mama watachimba bwawa la kuogelea la wageni. Miaka ishirini na moja watu wote wamelijua jiwe pale lilipo. Hakuna mwenye kuuliza. Rudia kipimo, uweke mashine juu ya jiwe kama nilivyokuagiza tangu mwanzo. Tofauti na daftari nitaieleza mimi, daftari la zamani lina makosa mengi. Najua ninachokuomba. Naomba hivyo hivyo.

Binti yako,
Hasina


Isiolo, 19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. U mzima? Wiki mbili kimya. Nimepiga simu, yaita tu. Ofisini wanaitaka mashine yao, na siku zimebaki kumi na moja. Niandikie hata mstari mmoja.

Hasina


Mwabungo, 22 Juni 2024

Kwako mwanangu Hasina,

Marahaba, na Idi njema nawe. Mimi mzima. Mashine inakuja na basi hili hili, nimeifuta vumbi. Sikurudia kipimo. Tumia kile cha kwanza.

Barua yako niliipata Jumatano. Usiku kucha nilikuwa nimekubali. Kukicha nikaona nimeiba mara moja kwa mikono yangu, sasa naiba mara ya pili kwa mikono yako, tena wewe mwenye kazi ya kupima. Hilo likanishinda. Alhamisi nikaenda kwa mama Nzai, nikamwambia yote, nikamtaka radhi. Akasema, "Mwero alikuwa akikuita ndugu." Akaingia ndani akafunga mlango.

Nikateremka bondeni peke yangu, nikalirudisha jiwe kwa mtaimbo. Ilinichukua mpaka adhuhuri. Kaburi sasa liko kwake, mita mbili ndani.

Wajua kila Ijumaa humsomea mama yako Yasini. Ijumaa ya kwanza nikasimama mpakani nikapiga hodi. Mama Nzai yuko palepale analima, hakuitika. Nikarudi nyumbani bila kusoma. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Sikulala siku ile, na nililia, nakuambia wewe tu.

Jana nimepiga hodi mara tatu. Akasimamisha jembe bila kugeuka, akasema, "Pita. Lakini usinikanyagie mihogo yangu."

Nimepita pembeni, polepole, kwa sababu ya goti.

Baba yako,
Matano