Mashine Niliyoipiga Alama

Gaborone, Jumapili baada ya ibada

Kwako mdogo wangu Mwita,

Marahaba. Naijibu shikamoo yako ingawa hujaituma, maana najua iko njiani tangu ulipoacha kupokea simu zangu, na barabara za huko nyumbani ni mbovu. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua kimetulia, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye kucha, na asubuhi nafungua duka nikiwa nimevaa sweta mbili kama mgonjwa. Ninyi hamjambo? Bhoke na watoto hawajambo? Goti la mama linaendeleaje? Mwambie aache kushuka mwenyewe kisimani, nyumba hiyo ina wajukuu wenye miguu mizuri. Na mahindi ya kule juu yamebeba, au ni majani tu kama mwaka jana?

Nimeandika kwenye karatasi kwa makusudi. Kwenye simu ungesoma nusu, ukakutana na neno la kukuchoma, ukanijibu kwa kidole gumba kabla hujafika mwisho. Barua hii anakuletea Marwa, yule mtoto wa shangazi anayeendesha lori, aliyepita hapa na mzigo na sasa anarudi. Amekula kwangu siku mbili huku akinung'unika kwamba watu wa huku wanaipondaponda nyama na hawajui kichuri, mchuzi wetu wa nyongo. Usimwonee huruma. Sufuria aliirudisha nyeupe.

Kazi yangu inaenda. Bado ni lile duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza simu, na kibali cha kukaa nimeshakipata upya baada ya kupanga foleni mpaka mlinzi akajua jina langu. Watu wa huku ungewapenda. Wanapenda ng'ombe kama sisi, na kila ng'ombe ana hereni ya namba sikioni. Nikiwaambia nyumbani tuna tovuti yenye picha za ng'ombe, hawacheki. Wanauliza bei.

Sasa nije kwenye lililonikalia kooni. Mama aliniambia yaliyosemwa kwenye kikao pale kwa baba, siku mlipozungumza kama tulipie tena ile seva yetu, mashine inayobeba tovuti, kwa mwaka mzima au tuhamie kwenye wingu. Hakutaka kuniambia. Nilimvuta neno moja moja. Kumbe ulisimama mbele ya baba na baba wadogo wote wawili, ukasema: "Rhobi anang'ang'ania ile mashine kwa sababu hana zizi." Na watu wakacheka.

Mwita, ni kweli sina zizi. Lakini kati ya watu wote wa kwetu Nyarero, wewe ndiye wa kulisema hilo? Ng'ombe za mahari yangu ziliingia kwa lango la baba, na kabla hazijazoea maji ya pale zikatoka kwa lango lilelile kwenda kwa kina Bhoke, ukaoa. Sikudai, na sidai leo. Ndivyo tulivyo, dada hufungua njia na kaka hupita, na kwa Bhoke mlipata mtu. Lakini mume wangu alipofariki nikakataa kurithiwa, nilianza na beseni la ndizi pale Sirari. Kutoka kwenye ndizi nikaenda kwenye vocha, kutoka vocha nikaenda kwenye makava ya simu, kutoka makava nikajifunza kufungua simu zenyewe. Hakuna aliyeniletea hata mbuzi. Kwa hiyo ulipokuja na wazo la tovuti, kwamba wenye ng'ombe waandikishe mifugo yao kwa picha na alama, akiibiwa mtu tangazo liwekwe, na mnunuzi mnadani achungulie kwanza kabla hajatoa hela, nilisema nitalipia mimi. Wazo lilikuwa lako, nalikiri popote. Lakini baada ya mwezi wa kwanza nilisema lazima iwe kwenye mashine yetu wenyewe, nzima, isiyo na mpangaji mwingine ndani.

Hili sijawahi kukuambia. Nilipopita Dar nikija huku, nilikwenda kwenye lile jengo wanakotunza seva, nikaomba kuiona yetu. Walinishangaa. Nikawaambia kwetu hununui ng'ombe kwa kusimuliwa. Wakanipeleka kwenye chumba chenye baridi na kelele kama mashine kumi za kusaga, wakanionyesha sanduku bapa jeusi. Nililigusa. Kijana wa pale alipogeuka, nilitoa rangi ya kucha kwenye mkoba nikachora pembeni alama tunayokata masikio ya ng'ombe wetu. Usicheke. Ndicho kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokipiga alama mimi.

Basi ndiyo maana uliposema tuhame, sikusikia habari ya mashine. Nilisikia kwamba na hiki nacho kinatoka langoni.

Najua ulichokuwa unakisema. Ulikuwa unasema habari ya mzee Wambura wa Machochwe. Ng'ombe wake wanne waliibiwa usiku, asubuhi ukaweka tangazo na picha, na makundi yote ya simu yakasambaza, huku na ng'ambo ya mpaka. Watu wakafungua ukurasa wote kwa mpigo, na mashine yetu, mashine yangu, ikalala. Mnunuzi mnadani alijaribu kufungua mara tatu, ikawa inazungukazunguka tu, akaona labda ni mtandao, akanunua. Ilipoamka, ng'ombe wale walikuwa wameshachinjwa. Mzee aliandikisha kwetu na hela yake ilikuwa imelipwa. Uliponipigia siku ile ulikuwa unalia, na mimi nikakujibu kuhusu bei. Nimelifikiria hilo sana.

Lakini hata wewe sikiliza upande wangu, mura. Tulishawahi kulionja wingu, ule mwezi wa kwanza kabisa. Raha yake nilielezwa vizuri: mashine ni nyingi, unachukua kipande kidogo siku ya kawaida, watu wakijaa kipande kinapanuka chenyewe, wakiondoka kinasinyaa, nawe unalipa ulichotumia. Sawa. Halafu yule rafiki yako akapandisha video za ng'ombe akitembea mbele na nyuma kama bibi harusi, watu wakaziangalia kutwa, na bili ikaja shilingi laki nne. Kodi ya duka ya mwezi ule nililipa kwa kukopa. Seva yetu ni laki mbili na nusu kila mwezi, mvua ije au jua liwake. Mtu anayeishi ugenini anapenda bei isiyobadilika, hata kama ni kubwa, kwa sababu anaweza kulala.

Ndipo mkeo aliponipigia. Hakukuomba ruhusa, na usimuulize. Alianza kwa kunitania kama kawaida yake, akaniuliza kama nimeolewa na kompyuta, na kama nitaleta mahari au nitaletewa. Nikamwambia sina hamu ya utani. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya zizi. Akaacha utani, akasema:

"Wifi, unajua zile ng'ombe zako hazikulala kwetu hata wiki?"

Sikujua. Akanieleza kwamba baba yake alibaki na dume mmoja tu, wengine akawagawa kwa marafiki wa rika lake, baadhi Gorong'a, baadhi mpaka Machochwe, kila aliyewekewa anakunywa maziwa na kutunza. Wezi walipovamia boma lao mwaka uliofuata walikuta dume na mbuzi. Na hadi leo, akasema, ukienda Gorong'a ukauliza, utaonyeshwa ndama wa ndama wa wale, na watakuambia huyu ni wa Bhoke.

"Zizi la mtu, jina langu," akasema. "Sasa wewe mwenye hesabu nyingi, nani alikudanganya kwamba mali ni ile inayolala mlangoni kwako?"

Nikamjibu kwamba ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki anakula nyasi za rafiki, lakini wingu linakula mfuko wangu. Akacheka mpaka nikasikia mtoto anaamka.

"Basi lifunge kamba, wifi. Ng'ombe gani anaachwa bila kamba?"

Niliudhika, maana alikuwa amesema kweli. Sikukubali palepale, unanijua. Nilijiambia kwanza nione mashine yangu. Nikawaandikia wale wa Dar kwamba kabla sijalipia mwaka mwingine wanipigie picha ya ubavu wa sanduku langu. Picha ikaja. Sanduku safi, halina hata doa. Nikauliza alama yangu iko wapi. Dada mmoja mpole akanijibu kwamba ile ya zamani iliharibika mwaka jana, wakaweka nyingine na kuhamishia kila kitu, na mkataba unawaruhusu, kwa kuwa mashine ni yao na mimi nimekodi. Nikausoma mkataba, safari hii mpaka maandishi madogo. Ni kweli. Mwita, nilikuwa nagombana na wewe kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa, na hata alipokuwa hai hakuwa wangu.

Nilikaa dukani nikicheka peke yangu, mteja akaogopa kuingia.

Kwa hiyo nimepiga hesabu upya, bila hasira. Siku nyingi tovuti yetu inatembelewa na watu wachache tu, na mashine ile nzima inafanya kazi ya kuku kwa chakula cha ng'ombe. Kisha ikija siku moja ya wizi, haitoshi. Nimeomba makadirio sehemu mbili. Kwenye wingu mwezi wa kawaida ni kama elfu sitini, na mwezi wenye misukosuko ni laki moja na nusu, mradi video zisiwepo na picha zipunguzwe uzito. Tuseme misukosuko ni miezi mitatu kwa mwaka. Yote ni laki tisa na elfu tisini. Seva kwa mwaka ni milioni tatu. Sihitaji kikao kuniambia ipi ndogo.

Tuhame. Lakini fanya ninavyokuambia. Usihamishe karibu na siku ya mnada, na ile seva usiikate mpaka mpya imepita angalau minada miwili salama, maana hakuna anayebomoa zizi la zamani kabla fensi ya jipya haijasimama. Picha zote weka nakala kwenye diski, mpe mama aifungie kwenye sanduku lake la vitenge, huko hakuna mwizi anayethubutu. Weka onyo litakaloniletea ujumbe matumizi yakifika nusu ya tulichopanga, na jingine yakifika robo tatu, kwa sababu nimeambiwa wingu lenyewe halina aibu, litaendelea kula mpaka ulifukuze. Hiyo ndiyo kamba ya mkeo. Rafiki yako wa video asipewe ufunguo. Na akaunti iandikwe jina langu, wewe uwe na ufunguo wako mwenyewe. Kwenye hili sitaki mjadala.

Maneno ya kikaoni nimeyasamehe, lakini siyo bure. Katika hela tutakayookoa nimetenga ya mtamba mmoja. Nimempa Marwa nusu ya kwanza, ameihifadhi, na nyingine naituma kwa simu mwisho wa mwezi. Nenda na Bhoke mnadani. Achague yeye, ana jicho kuliko wewe. Halafu mtamba huyo msimlete nyumbani. Mpelekeni Machochwe kwa mzee Wambura.

Usimwambie ni fidia. Mzee hakutudai, na ukimpa kwa kumhurumia ataona aibu mbele ya wanawe, huku zizi lake likiwa limeshamtia aibu ya kutosha kwa kubaki tupu. Mwamkie vizuri, kaa, kunywa atakachokupa, kisha mwambie kwamba dada yako yuko mbali, hana mahali pa kuweka ng'ombe wake, na anaomba kumweka kwake. Maziwa ni yake. Ndama tutasikilizana kama wazee wanavyosikilizana. Akikubali, na nadhani atakubali, mpige picha mtamba, mwandikishe kwenye tovuti kama mwandikishavyo wengine wote. Penye jina la mwenye mali, andika Rhobi. Usiandike jina la baba wala lako.

Kisha urudi kwa baba, uwaite baba wadogo wale wawili waliocheka, uwaeleze mtamba wa nani yuko wapi. Sitaki uombe radhi. Taja tu.

Nisalimie baba, mwambie shikamoo yangu ni ya magoti mawili. Msalimie mama mlinda diski, na umwambie sikumkasirikia kwa kunificha. Wasalimie baba wadogo, hata hao. Shangazi, mama yake Marwa, mwambie mwanawe hajakonda. Watoto wako wabusu kila mmoja kwa zamu, na yule mdogo anayelala mkono ukiwa mdomoni, msimchape kwa hilo, mimi nililala hivyo mpaka nikaanza shule. Bhoke sina la kumwambia, tulishaongea.

Na simu yangu ikiita kwako, pokea. Nikiwa nimekasirika, nitakuambia mwenyewe.

Ni mimi dada yako,

Rhobi, mwenye ng'ombe Machochwe