Salamu Niliyoiacha Bila Jibu

Igoma, Mwanza

Kwa shemeji yangu mpendwa, Ng'washi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mpunga wenu hapo Magu umepata maji ya kutosha. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nilipoanza, niliona maneno ni madogo kuliko kosa lenyewe.

Nimeletewa habari kwamba hutakuja kwenye misa ya kumkumbuka dada yako, mke wangu Dorcas, kwa kuwa uliniamkia nami nikakunyamazia. Ni kweli, ulivunjiwa heshima. Naomba unisikilize.

Mwanangu Hellen, kama ujuavyo, ni msanii. Amekodi ghala tupu hapa Igoma, akapaka kuta rangi ya ziwa la asubuhi kabla ya upepo, akaniweka kitini katikati. Anayeingia huketi mkekani, hanisemeshi nami simsemeshi, hadi atakapotaka kuondoka. Sanaa yake, asema, ni huo utulivu. Mwenye kusali asali, mwenye kuwaza awaze. Fundi wa kuchomelea aliye jirani aliuliza kama kweli mzee analipwa kwa kukaa, maana yeye hukaa bure kila umeme ukikatika. Kesho yake akaja kuketi, akatoka akifuta macho.

Wewe ulipitia mlango wa nyuma, hukuliona tangazo la kuomba ukimya. Ukapiga magoti kama desturi yetu, ukaniamkia. Ulipoondoka, waliokuwepo walidhani nawe ni sehemu ya sanaa. Tangu siku hiyo kila aingiaye hupiga magoti kwanza, na Hellen ameamua asiwakataze.

Sasa nikiri. Si sharti la Hellen lililonifunga kinywa; alikwishaniruhusu kumwitikia yeyote atakayeniamkia. Sauti yako ni ile ile ya Dorcas. Tangu tumzike sikuweza kusali. Hata Baba Yetu niliiachia njiani. Uliponiamkia, sala ikanijia yote, nikaogopa kwamba nikisema neno itakatika. Nikaimaliza. Nilipoinua macho, ulikuwa umekwenda.

Nimemwomba padre somo la kwanza ulisome wewe, kanisa zima liisikie sauti hiyo. Kiti chako kitakuwa kando ya changu.

Wasalimie wote nyumbani. Nami nakuitikia sasa, nikiwa nimesimama: marahaba, Ng'washi. Marahaba sana.

Shemeji yako,
Nathaniel Chenge

Barua hii ataileta Hellen. Akikuamkia na usipomwitikia, nitaelewa; ila mwache aingie.